Gripu Kwanza, Mpini Baadaye

Kila anayeanza floboli hapa Dar huuliza kuhusu mpini. Wa kaboni au wa faiba? Mgumu au unaopinda? Sentimita ngapi? Gripu, ule ukanda unaozungushiwa juu ya mpini mahali pa kushika, haiulizwi. Watu wanaichukulia kuwa pambo, kitu cha kuchagulia rangi ya timu, wakati kwa mji huu ndiyo sehemu ya fimbo inayoamua kama jioni hiyo utacheza au utashinda unapangusa viganja kwenye bukta. Jamaa yangu mmoja alijibana kwa muda mrefu akaagiza kutoka Ulaya fimbo ya kaboni tupu, nyepesi, ngumu, ya kutamanisha. Ilipofika Februari, katikati ya mechi, akavuta shuti kwa nguvu zake zote. Mpira ulibaki palepale. Iliyokwenda golini ni fimbo. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini mikono yake haikuwa na ubovu wowote, na kaboni ilikuwa kaboni kweli. Shida ilikuwa ile gripu nyembamba inayong'aa, imelowa chapachapa, imefungwa kwenye fimbo yenye bei ya kodi ya chumba.

Kwa hiyo msimamo wangu nauweka mezani mapema. Ukiwa na pesa kidogo, iweke kwenye gripu. Ukiwa na pesa nyingi, anza na gripu vilevile.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: floboli ni ndugu wa mpira wa magongo, ila unachezwa ukumbini, wachezaji watano na kipa kila upande, uwanja wa mita 40 kwa 20 uliozungushiwa vibao vya nusu mita kwenda juu. Mpira ni wa plastiki, mtupu ndani, una matundu 26, kipenyo chake milimita 72 na uzito gramu 23 tu. Fimbo za plastiki za namna hiyo zilianzia Marekani, huko Minnesota, mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini waliozichukua wakatengeneza mchezo kamili wenye sheria zake ni Waswidi, miaka ya 1970. Mwaka 1986 Uswidi, Ufini na Uswisi wakaunda shirikisho la kimataifa, na mwaka 1996 mashindano ya kwanza ya dunia ya wanaume yakachezwa huko huko Uswidi.

Sisi tunacheza tunapopata. Siku nyingi ni uwanja wa kikapu wa zege, vibao vya pembeni ni mabenchi yaliyolazwa ubavu, na magoli tuliungiwa na fundi wa kuchomelea. Siku ya bahati tunapata ukumbi wa shule. Fimbo zetu nyingi zilifika ndani ya mabegi ya watu waliokuja kufundisha au kujitolea, na walipoondoka wakaziacha. Zina alama za viganja vya watu waliozishika kwenye baridi.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Gripu inayokuja na fimbo imebuniwa kwa ajili ya ukumbi wa kaskazini, wenye paa na sakafu safi, na hewa ya ndani wakati wa majira ya baridi huwa kavu mpaka midomo inapasuka. Mchezaji wa kule anatoka jasho pia, haswa, lakini linakauka. Letu linakauka lini? Kuanzia Desemba mpaka Machi, kaskazi ikivuma, Dar inacheza kwenye nyuzi 31, 32, na hewa yenyewe tayari imebeba maji ya bahari. Jioni jua linazama na bado shati limegandana na mgongo. Jasho linatoka, halina pa kwenda, linateremka kwenye mkono, linaishia kiganjani.

Gripu nyingi za dukani ni za poliyurethani. Zinashika kwa kunata: ngozi ya kiganja inagusana na ile plastiki laini moja kwa moja, na mguso huo ndio unaokushikia fimbo. Weka utando mwembamba wa maji katikati na mguso umekufa. Ongeza vumbi la uwanja wa zege na chumvi ya jasho, na baada ya wiki chache ile ngozi ya juu inayonata imejaa, imekuwa ngumu na kung'aa. Ukiishika imelowa ni kama umemshika kambare.

Na fimbo ikiteleza, mwili hauulizi ushauri, unaminya. Unaminya bila kujua. Misuli ya mkono kuanzia kiwiko inakaza, kifundo kinakuwa kigumu, na kifundo kigumu hakiwezi kuzungusha bapa, ile sehemu ya chini ya fimbo inayopiga mpira, juu ya mpira. Pasi zinakuwa nzito, shuti la kuvuta linakosa ule mzunguko wa mwisho, na ukifika kipindi cha tatu mkono unawaka moto. Mtu analalamika kwamba mpini wake mzito. Mpini hauna kosa. Amekuwa akiunyonga jioni nzima. Gramu chache unazookoa kwa kununua kaboni unazilipa mara nyingi kwa nguvu ya kuminya, na ndiyo maana nasema mpango wa matumizi uanzie kwenye kiganja.

Kabla ya kuchagua, tazama mikono yako inafanya nini. Mkono wa juu hausafiri. Unakaa mwisho wa mpini, unashika na kuzungusha. Mkono wa chini ndio msafiri: unapanda ukipiga chenga karibu na mwili, unashuka ukitaka kuvuta shuti, unaachia kabisa unaponyoosha fimbo kumnyang'anya mtu mpira. Wa juu unahitaji kushikwa, wa chini unahitaji kuteleza kwa adabu. Mtu anayefunga gripu ya kunata mpaka katikati ya mpini, akidhani anajiongezea nguvu, anaufunga breki mkono wa chini. Kwangu mimi sentimita 25 hadi 30 kutoka ncha ya juu zinatosha, chini ya hapo mpini ubaki mtupu. Sheria nayo iko upande huu: mpini unaruhusiwa kufungwa juu ya alama ya gripu tu, na hairuhusiwi kufunika alama rasmi, ile stika inayoonyesha kwamba fimbo imekaguliwa na kukubaliwa. Kwenye bonanza la kitaa hakuna atakayekuangalia. Kwenye mashindano waamuzi wanaangalia.

Sasa gripu zenyewe. Ile laini ya kunata isitupwe moja kwa moja. Juni mpaka Agosti, kusi ikipuliza na jioni zikiwa na nafuu, inacheza vizuri, na mkono mkavu utaipenda kuliko zote. Kuna watu viganja vyao havitoi jasho. Sijui wamemtendea Mungu wema gani, lakini wapo, na hawa waendelee na maisha yao.

Yenye vitundu ni hatua moja mbele. Vile vitundu vinapitisha jasho kwenda kwenye utando wa chini unaonyonya, na kwa nusu saa ya kwanza unaona tofauti. Baada ya hapo utando umeshiba na mko palepale. Kwa mechi fupi, au kwa anayeingia na kutoka uwanjani kila dakika mbili kama floboli inavyochezwa kwa kawaida, inatosha. Sisi ambao hatuna wachezaji wa akiba wa kutosha na tunakaa uwanjani mpaka ulimi unaning'inia, haitoshi.

Yenye mbavu naiheshimu. Ndani yake kuna uzi mnene unaokimbia katikati ya ukanda, kwa hiyo ukishaifunga mpini unakuwa na kigongo kinachozunguka kuanzia juu mpaka chini. Vidole vinapata pa kukaa. Uzuri wake ni kwamba hautegemei kunata peke yake. Hata gripu ikilowa, vidole vimezuiwa na kigongo. Unaweza kuitengeneza mwenyewe: zungushia uzi wa kushonea viatu kwenye mpini kwa nafasi sawa, ubandike kwa tepu hapa na pale, kisha funga gripu ya kawaida juu yake. Ukitumia kamba nene utalia, itakuchimba kiganja. Uzi wa viatu ndio kiasi.

Halafu kuna taulo. Hii wacheza floboli wengi hawaifikirii kwa sababu haipo kwenye maduka ya floboli, ila wacheza vinyoya, yaani badminton, wanaijua tangu zamani. Indonesia na Malaysia, nchi zenye joto na unyevu wa kutosha kutuambia kitu, zimejaa mabingwa wa mchezo huo, na gripu ya taulo ni kitu cha kawaida kwenye raketi zao. Ni ukanda wa pamba wenye manyoya mafupi na gundi nyuma. Hainati. Inakunywa. Jasho linaingia ndani ya manyoya na kiganja kinabaki na kitu kikavu cha kushika. Kwa Dar hii ndiyo gripu yangu ya Februari. Kasoro zake ni mbili na ni za kweli: inanenepesha mpini, na inanuka. Taulo lililolowa likifungiwa ndani ya begi usiku mmoja, mama mwenye nyumba atauliza kuna nini. Lazima ianikwe, na lazima ibadilishwe mara kwa mara kabla haijaanza kuota ukungu. Maduka ya vifaa vya michezo ya Kariakoo na mjini yana vifaa vya vinyoya, maana Upanga na mitaa ya kati mchezo huo una wenyewe wa siku nyingi. Ukikosa taulo, omba gripu nyembamba ya juu ya raketi. Upana ni uleule, milimita 25 hivi, na urefu sentimita 110 au 120, yaani inafunga mpini wa floboli bila shida.

Hapa niingize hesabu kidogo, kwa sababu watu hununua gripu kisha wanashangaa imeishia njiani. Mzingo wa mpini wa floboli ni kama sentimita 8 na kidogo. Ukanda wa sentimita 110 unauzunguka mara 13. Ukilaza ukingo juu ya ukingo kwa milimita mbili tatu, kila mzunguko unashuka sentimita 2 na ushee, jumla unapata karibu sentimita 29. Ukilaza nusu juu ya nusu ili iwe nene na laini, unapata kama 17 tu. Zote mbili ni halali. Ila amua kabla ya kubandua karatasi ya gundi.

Kitu cha mwisho kwenye orodha yangu nilikipata kwa mzee mmoja wa Upanga aliyecheza magongo ujana wake. Watu wamesahau kwamba Dar ilikuwa na magongo ya nguvu. Mwaka 1980 timu yetu ya wanaume ilikwenda mpaka Olimpiki ya Moscow. India walitufunga 18 kwa sifuri, sawa, lakini tulikwenda, na leo hii ukipita JMK Park pale Kidongo Chekundu bado kuna uwanja wa mchezo huo. Nilimwonyesha mzee fimbo yangu, akaishika, akaipindua, akasema, "Mwanangu, hii plastiki ya nini? Sisi tulifunga ngozi laini. Ikilowa ndiyo inashika." Alikuwa anasema ile ngozi laini ya kukaushia vioo, na wacheza magongo wa nchi nyingi bado wanaitumia.

Ngozi yenyewe sikuipata. Nilichokipata ni binamu yake wa bandia, kile kitambaa kizito cha njano cha kukaushia magari ambacho machinga wanakiuza kwenye mataa, kimeviringishwa ndani ya kopo la plastiki. Kimoja kinatoa kanda za kutosha timu nzima. Unakata kwa mkasi mkali kanda za milimita 25, unaunganisha mbili kwa kushona bapa kwa bapa, bila kufumbata, ili pasiwe na kijinundu. Hakina gundi, kwa hiyo chini yake unatandika tepu ya pande mbili. Tabia yake ni ya ajabu: kikikauka kinakuwa kigumu, ukikigonga kinatoa sauti, na ukidhani utacheza nacho hivyo utachubuka. Inabidi ukiloweshe kwanza, ukikamue, ndipo kinakuwa laini na kinashika, na kadiri jasho linavyoongezeka ndivyo kinavyozidi kushika. Nikiwa na mechi nafika na kichupa cha maji, naimwagia fimbo kabla sijajimwagia mwenyewe. Wageni hunitazama sana.

Tepu nyeusi ya mafundi umeme isikae chini ya kiganja hata siku moja. Ikilowa haina urafiki. Mpira wa tyubu ya baiskeli nao unavutia kwa sababu ni wa bure, lakini unateleza ukilowa na unapaka mikono weusi usiotoka. Kama unataka kunenepesha mpini kwa mtu mwenye viganja vikubwa, tyubu iwekwe chini kabisa, gripu ije juu yake.

Kufunga ndipo gripu nzuri inapoharibiwa. Mimi nilijifunza mengi kwa kumtazama fundi viatu mmoja wa Ilala ambaye kibaraza chake kiko njiani kwangu. Siku ya kwanza nilimfikia na fimbo begani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hiyo ya kumchapia nani?"

Nikamweleza. Akaichukua gripu, hakuifunga. Aliilaza ncha yake kwenye kipande cha mbao, akachukua kile kisu chake kifupi kilicholiwa na jiwe la kunolea mpaka kimebaki nusu, akaanza kuzichonga kingo za chini kwa mlalo, polepole, akipunguza unene mpaka mwisho wa ukanda ukawa mwembamba wa kuona mwanga. "Ngozi ikianza na ngazi," akasema, "itaisha na ngazi." Hiyo ndiyo kazi ya fundi viatu kila anapounganisha ngozi mbili, na ndiyo siri ya gripu isiyo na kinundu pale juu ambapo nyama ya kiganja inakaa. Gripu za dukani nyingi zinakuja na ncha moja iliyochongwa mshazari. Hizo zetu za kuunga, chonga mwenyewe.

Anza na kuvua ya zamani. Acha fimbo juani dakika chache, gundi inalegea, gripu inatoka vipande vikubwa badala ya vidogo vidogo. Masalia ya gundi yanatoka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, lakini mafuta ya taa yanaacha utelezi wake, kwa hiyo osha kwa sabuni, kausha, kisha pitisha spiriti. Ukiruka hatua ya spiriti gripu mpya itakaa wiki moja, halafu itaanza kuzunguka yenyewe kwenye mpini. Hakikisha kizibo cha juu kiko imara, na kama kinacheza kitie gundi sasa hivi, kwa sababu baadaye utakuwa umekifunika.

Zungusha kwanza bila kubandua karatasi, kwa majaribio, uone itaishia wapi. Kisha anzia ncha ya juu. Mzunguko wa kwanza uwe wa kujirudia mahali pamoja, umekazwa sawasawa na kizibo, halafu ndiyo ushuke. Vuta ukanda ukinyooka, uendelee kuvuta unapoulaza, mkono mmoja unavuta na mwingine unazungusha fimbo. Fundi wangu hazungushi mkono hata kidogo. Fimbo ndiyo inazunguka mapajani mwake na mkono wenye ukanda umetulia angani kwa pembe ileile toka mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo maana mistari yake imelingana. Yenye mbavu usiilaze ukingo juu ya ukingo; kingo zikutane tu, vinginevyo kigongo kinapotea.

Kuhusu upande wa kuzungushia, watu wanabishana bure. Shika fimbo, fanya ile ishara ya kuvuta shuti, uhisi ngozi ya kiganja cha juu inasukuma upande gani. Funga ili msukumo huo uikaze gripu. Ukifunga kinyume, kila shuti linaifungua kidogo.

Mwisho wa ukanda kata mshazari ili ukingo wa chini uwe mduara ulionyooka kwenye mpini, kisha funga tepu nyeusi mizunguko miwili mitatu. Hapa ndipo pa tepu ya umeme. Mizunguko ya kwanza ivute, wa mwisho ulaze bila kuvuta, maana tepu iliyovutwa hurudi kwenye umbo lake na kubanduka yenyewe kwenye joto.

Na mpini? Haya, niseme, nisije nikaambiwa nimekwepa. Namba inayoandikwa kwenye mpini, 26, 29, 32 na kadhalika, ni ya kupinda, na namba ndogo ni mpini mgumu. Inapatikana hivi: mpini unalazwa juu ya egemeo mbili zilizoachana sentimita 60, katikati yake unawekewa mzigo wa nyutoni 300, yaani kama kilo 30, halafu wanapima umebonyea milimita ngapi. Mtoto na anayeanza wanafaa kwenye 32 hadi 36, mtu mzima wa kawaida 29 au 26, na 23 ni ya mwenye shuti la kweli. Mpini mgumu hautoi shuti wenyewe. Unasubiri uuweke nguvu ya kuupinda, na ukishindwa kuupinda umenunua ufagio. Sisi tunaocheza kwenye zege tungeshauriwa kukaa kwenye 29 na kuendelea, na mchanganyiko wenye faiba kuliko kaboni tupu. Kaboni ni nyepesi na inarudi haraka, ila mkwaruzo mmoja mbaya wa zege unaweza kuwa mwanzo wa ufa, na ufa wa kaboni ukishaanza hausimami.

Urefu ni rahisi. Simamisha fimbo nzima mbele yako, bapa likiwa chini. Ncha ya juu ifike kitovuni au juu yake kidogo. Namba ya sentimita inayoandikwa kwa kawaida ni ya mpini bila bapa, kwa hiyo usijipime kwa kuisoma. Fimbo ikiwa ndefu inakatwa juu, na kukata kunaufanya mpini kuwa mgumu kuliko namba yake. Hii 29 ndefu ya kupewa, ukiikatia mtoto wa darasa la sita, haibaki 29. Tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, zungushia tepu mahali pa kukata ili nyuzi zisifumuke, lowesha, na funga pua na mdomo. Vumbi la kaboni na la faiba linawasha ngozi na halifai kuvutwa. Laini laini kingo kwa msasa, rudisha kizibo, na hapo umefika tena kwenye gripu.

Angalia pia upande. Fimbo ya kushoto ni ya mtu ambaye bapa lake liko kushoto mwa mwili na mkono wake wa kulia uko juu. Uswidi na Ufini wengi hucheza hivyo, ndiyo maana fimbo tulizoachiwa nyingi ni za kushoto. Wenzetu wengi wa mkono wa kulia wanazikataa kwa sababu ya jina tu. Jaribu kwanza. Mkono wenye akili zaidi kukaa juu, unaposhika na kuzungusha, si jambo la kipumbavu hata kidogo.

Utunzaji nitaupitia haraka. Usiache fimbo ndani ya gari lililoegeshwa juani. Gundi ya gripu inayeyuka na ukanda wote unateremka, na bapa ni plastiki, ambayo wachezaji wenyewe huipasha moto wakitaka kuipinda. Buti la gari saa saba mchana litakupindia bila kuombwa. Baada ya mchezo futa gripu kwa kitambaa chenye maji masafi ili chumvi itoke, ianike kivulini, isilale ndani ya begi. Kama umefunga gripu mbili, moja juu ya nyingine, ya juu ikichakaa badilisha ya juu tu, ya chini ikae.

Kuna kijana wetu mmoja, kipa, ambaye kila nikianza somo hili huniuliza yeye afunge nini. Kipa wa floboli hana fimbo. Anacheza kwa magoti, kifua na mikono, glavu nyembamba akitaka, na sheria inamkataza kupaka chochote cha kunata au cha kutelezesha. Kwa hiyo jasho lake nimemwambia alifute na jezi, kama zamani.